Ushahidi wa Wachoma Mkaa wa Ndola

Tunaposoma historia, aghalabu tunauliza shahidi aliona nini. Ni nadra kuuliza ni nani aliyemsikiliza. Mfano mzuri ni ajali ya ndege iliyotokea karibu na Ndola, Rodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo), usiku wa kuamkia tarehe 18 Septemba 1961. Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Dag Hammarskjöld, alikuwa akitoka Leopoldville kwenda kukutana na Moise Tshombe, kiongozi wa Katanga iliyokuwa imejitenga na Kongo. Kati ya watu 16 waliokuwamo, mmoja tu, Harold Julien, alikutwa hai. Naye alifariki siku chache baadaye.

Baadhi ya wachoma mkaa waliokuwa msituni walieleza kwamba waliona ndege ya pili, au mwanga angani. Tume ya serikali ya kikoloni haikuwaamini. Mwaka 1962 ilihitimisha kwamba marubani walikosea. Maneno ya Julien kuhusu cheche angani nayo yalichukuliwa kuwa ya mgonjwa anayeweweseka. Tume ya Umoja wa Mataifa ya mwaka huohuo iliacha suala wazi.

Je, tuwaamini mashahidi hao? Kwanza tutenganishe alichokiona mtu na anachokidhania. "Niliona mwanga" ni ushahidi. "Ndege ilitunguliwa" ni tafsiri. Aidha, usiku ni vigumu kukadiria umbali, na masimulizi ya baada ya miaka 50 huweza kuchanganyika na yaliyosikika baadaye. Hata hivyo, udhaifu huo humpata kila shahidi, awe mchoma mkaa au ofisa. Kosa ni kupima ushahidi kwa hadhi ya msemaji.

Mwaka 2015 jopo la Umoja wa Mataifa, likiongozwa na Mohamed Chande Othman, Jaji Mkuu wa Tanzania wakati huo, lilipima upya ushahidi huo na kuupa baadhi yake uzito wa wastani. Ripoti ya Othman ya mwaka 2017 ilisema yaelekea inawezekana kwamba shambulio au tishio kutoka nje lilichangia ajali. "Inawezekana" si "imethibitishwa".

Kwa wanafunzi wetu wanaokusanya masimulizi, funzo ni hili: tuandike kwanza maneno ya msimulizi kama alivyoyatamka, katika lugha yake. Kufasiri kufuate baadaye.