Antena za redio katika ndege za kujiundia za faibaglasi

Udhaifu wa antena ni tatizo la kawaida katika ndege ndogo ambazo wenyewe huziunda kwa faibaglasi na povu gumu, mfano VariEze (iliyoruka mara ya kwanza 1975) na Long-EZ (1979), zote za mbunifu Burt Rutan, aliyekuwa akifanya kazi Mojave, California. Rubani huusikia mnara wa kuongozea ndege akiwa karibu. Akienda mbali kidogo au akigeuza ndege, sauti hufifia na mnara haumjibu. Wengi hukimbilia kununua redio mpya, gharama kubwa ambayo mara nyingi haitibu kitu.

Chanzo huwa ni ngozi ya ndege. Mawasiliano ya anga hutumia megahezi 118 hadi 137, ambapo robo ya wimbi ni takriban sentimita 59. Antena ya fimbo yenye urefu huo ni nusu tu ya antena. Nusu ya pili ni bamba la chuma lililo chini yake. Ndege ya alumini inalo tayari. Faibaglasi haipitishi umeme, kwa hiyo fimbo hukosa mwenzake, na mkondo hurudi kupitia ganda la nje la kebo, ukavuruga ala na kutia kelele katika vifaa vya masikioni. Tiba ni kubandika, kwa ndani, karatasi ya alumini au tepe nne za shaba zinazotawanyika kutoka kwenye kitako cha fimbo, kila moja ikikaribia urefu wa robo ya wimbi, kisha kuziunganisha vizuri na ganda la kebo.

Njia bora zaidi ni antena ya mikono miwili ya tepe ya shaba inayofichwa ndani ya ngozi, ambayo mhandisi Jim Weir wa Marekani aliieneza miongoni mwa waundaji. Haihitaji bamba wala haikinzani na upepo. Vipete vya feraiti huvishwa kebo karibu na antena ili kuzuia mkondo wa nje. Antena ya mawasiliano isimame wima, na ncha za mabawa ya Long-EZ zilizoinuka hufaa sana. Ile ya kupokea vituo vya VOR, vinavyoonyesha njia angani, ilale. Penye nyuzi za kaboni mbinu hii haifai, kwa kuwa kaboni hupitisha umeme na kuyaziba mawimbi.

Vipimo vinahitaji uangalifu. SWR huonyesha kiasi cha nguvu inayorudi kwenye redio: ikiwa 2, hurudi takriban asilimia 11; ikiwa 3, asilimia 25. Lakini SWR nzuri haithibitishi kwamba antena inarusha mawimbi. Rezista ya omu 50 ina SWR safi kabisa na haimfikii mtu yeyote, na kebo mbovu inayomeza nguvu njiani huifanya antena mbaya ionekane nzima. Kebo ikaguliwe kwanza, hasa maungio yaliyolehemiwa, na vipimo vifanyike nje, mbali na paa la mabati.

Jaribio la mwisho ni angani: rubani huzunguka duara pana bila kuinamisha ndege sana, akimwomba mwongozaji amweleze sauti inavyobadilika. Upande inakofifia huelekeza kwenye kizuizi, ambacho kinaweza kuwa injini, nyaya za usukani au hata miili ya waliomo ndani, na hapo antena huhamishwa.