Mapafu Hayajawahi Kuwa Matupu

(MUZIKI WA KUFUNGUA, KISHA UNASHUKA TARATIBU)

MTANGAZAJI: Leo tunaanzia Gahanga, wilayani Kicukiro, kusini mwa jiji la Kigali. Barabara ya kwenda Nyamata, na mbele hadi kituo cha mpito cha Gashora, inapita hapo. Wakati wa kiangazi, mama anafagia uwanja wake asubuhi. Jioni vumbi limerudi. Kesho anafagia tena.

Mapafu yetu hufanya kazi kama ya mama huyo. Lakini wataalamu walichukua zaidi ya miaka 100 kulitambua hilo.

Tarehe 24 Machi 1882, mjini Berlin, daktari Robert Koch alitangaza kwamba kifua kikuu kinaletwa na bakteria. Wengi huko Ulaya walidhani ni ugonjwa wa kurithi. Ugunduzi huo ulifungua njia ya tiba, lakini watu wakazoea pia wazo jingine: kwamba pafu lenye afya halina kijidudu hata kimoja. Vitabu vya tiba vilifundisha hivyo. Hata mradi mkubwa wa Marekani ulioanza mwaka 2007, wa kuchunguza vijidudu vya mwili wa binadamu, mwanzoni uliyaacha mapafu nje.

Kosa lilitoka wapi? Bakteria wengi wa mapafuni hawakuota kwenye visahani vya maabara. Mwaka 2010, watafiti wa London walichapisha matokeo ya njia nyingine: walisoma vinasaba vya bakteria hao bila kusubiri waote. Wakawakuta hata kwa watu wenye afya. Wenye pumu walikuwa na mchanganyiko tofauti.

Wanafikaje huko? Wengi hutoka kinywani. Tukilala, matone madogo ya mate huteremka kifuani. Wengine huja na hewa. Safari hiyo huanza mara tu mtoto anapozaliwa. Na kila siku kikohozi, ute, vinyweleo vya njia ya hewa na askari wa mwili huwaondoa. Wachache hubaki bila kudhuru. Ugonjwa huja ufagio unapolegea, au anapoingia kijidudu hatari.

(MUZIKI MFUPI)

MTANGAZAJI: Sasa, historia hii inatuhusu nini sisi tunaoishi kambini?

Kwanza, moshi wa kuni na mkaa hulegeza ufagio huo. Pika mahali penye hewa, na mtoto asikae karibu na jiko.

Pili, bakteria wa nimonia anaweza kukaa puani mwa mtoto bila dalili, kisha akashuka mapafuni. Mwaka 2009, Rwanda ilikuwa ya kwanza barani Afrika, kati ya nchi zinazosaidiwa na shirika la Gavi, kuanza kuwachanja watoto wote dhidi yake. Usikose siku ya chanjo.

Tatu, usimeze vidonge vya antibiotiki vilivyobaki kwa jirani. Huua bakteria wasio na kosa, na wale sugu wakabaki.

Nne, kifua kikuu kinatibika. Zamani tiba ilichukua mwaka mmoja na nusu. Miaka ya 1970, utafiti uliofanyika Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia ulionyesha kwamba dawa zikichanganywa vizuri, miezi 6 inatosha. Wagonjwa wa Afrika Mashariki walisaidia kuifupisha njia hiyo kwa dunia nzima. Ukiacha dawa katikati kwa sababu umepata nafuu, wale sugu hubaki na kuzaliana.

Ukikohoa wiki 2 au zaidi, nenda kituo cha afya ukapimwe. Usione aibu. Kifua kikuu si laana, wala hakiambukizwi kwa kushirikiana sahani. Kinapita hewani. Hakuna kifua kisicho na vijidudu, wala cha daktari, wala cha mtangazaji huyu.

Mama wa Gahanga hamlaumu mtu kwa vumbi. Anashika ufagio. Kwaheri, hadi kipindi kijacho.

(MUZIKI WA KUFUNGA)