Kukaa na kulima vilikuwa neno moja

Ukifika Uswidi, Norwe ao Denmark, mtu atakuuliza unakaa wapi kwa kitenzi kifupi: bo. Kinatoka kwa neno la zamani, búa, ambalo watu wa Isilandi wangali nalo mpaka leo.

Lakini zamani búa haikuwa kukaa tu. Ilikuwa pia kutayarisha, na kutunza shamba na mifugo. Mwenye kukaa na shamba lake aliitwa bóndi. Kule Isilandi, baraza la Alþingi lilipoanza mwaka 930, bóndi alikuwa mtu huru, mwenye sauti mu mambo ya inchi.

Heshima ile haikudumu fasi zote. Waviking walipeleka neno Uingereza; kiisha Wanormani kuteka inchi mu 1066, likashuka mpaka kumaanisha mtu aliyefungwa ku shamba la bwana. Denmark nako, kati ya 1733 na 1788, sheria ilikataza vijana wanaume kuhama shamba la bwana walipozaliwa. Waliitwa bado bonde, lakini kukaa kulikuwa kifungo.

Kwa Waholanzi, ndugu ya neno hilo ni boer, mulimaji. Njo kulitoka Kaburu letu.

Mimi nimesoma agronomia, na kila mara nasikia: "Masomo yote ile, ukuwe mulimaji tu?" Búa inanijibu: jina la mulimaji halishushwi na jembe. Linashuka siku udongo anaokalia si wake. Basi, mbele ya kuambia vijana warudie shamba, tuulize: karatasi ya shamba iko mu jina la nani?