Sumu ya Mafuta ya Karafuu
Sumu ya mafuta ya karafuu ni madhara yampatayo mtu, aghalabu mtoto mdogo, anywapo kwa bahati mbaya mafuta haya makali, yakenekwayo kwa mvuke kutoka makonyo, majani au karafuu zenyewe, kama kiwandani Wawi, Pemba. Asili ya dhara ni yujinoli, iliyo sehemu kubwa ya mafuta hayo: huunguza kinywa na tumbo, huleta usingizi mzito na degedege, hushusha sukari ya damu, kisha huharibu ini; mililita 5 hadi 10 zaweza kumhatarisha mtoto.

Tiba ya dharura: Mgonjwa asitapishwe, kwani mafuta huweza kuingia mapafuni; asukutue kinywa, alazwe ubavu akilegea, na chupa ya mafuta ichukuliwe pamoja naye hospitalini. Hospitalini pumzi hulindwa, sukari hutiwa mshipani, na ini hukingwa kwa asetilisisteini, dawa itumiwayo pia kwa sumu ya parasetamoli. Mahali kama Kinna, katika kaunti ya Isiolo, palipo mbali na hospitali kubwa, ni wajibu kuanza safari mara moja, bila kungojea dalili.