Watazamaji wa Safari: Picha za Kandokando ya Barabara

Mashindano ya magari yaliyoanzishwa mwaka 1953 kwa jina la East African Coronation Safari, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza, hayakuwa na uwanja, wala majukwaa, wala lango la kukatia tiketi. Njia yake ilifuata barabara za kawaida za Kenya, Uganda na Tanganyika, nyingi zikiwa za udongo, nazo hazikufungwa kwa ajili ya washindani, hivi kwamba gari la mashindano liliweza kukutana na basi, lori au kundi la ng'ombe likivuka. Kwa hiyo mtazamaji wa Safari mara nyingi hakuwa mtu aliyefunga safari kwenda kutazama, bali mkazi aliyefuatwa na mashindano hadi mlangoni pake, na mpiga picha aliyetumwa kuyaandama magari alimkuta pale akiwa mwenyeji.

Hata hivyo, katika picha za miaka ya mwanzo mwenyeji huyo amesukumwa pembeni. Mhariri wa gazeti alitaka gari linaloonekana lote, na namba yake ya mashindano isomeke. Wauza magari nao walizihitaji picha hizo kwa matangazo, kwa kuwa magari yaliyoshindana yalikuwa ya aina ile ile waliyouziwa wateja na yalipangwa katika madaraja kwa kufuata bei yake, si ukubwa wa injini. Watu walipoachwa ndani ya picha walikuwa na kazi mbili tu: kusukuma gari lililokwama kwenye tope, au kusimama na mikuki kando ya barabara ili msomaji wa mbali ajue kuwa hapa ni Afrika. Picha ya morani wa Kimaasai akitazama gari likipita ilirudiwa mara nyingi mno hata ikapoteza maana, na haielezi lolote kuhusu makarani, wachuuzi, wanafunzi na wakulima waliokuwa sehemu kubwa ya umati.

Uchaguzi huo wa wahariri ulikutana na ugumu wa kazi yenyewe. Tangu mwaka 1957 mashindano yalizoeleka kufanyika wakati wa Pasaka, majira ambayo mvua za masika huanza, na ndiyo maana sifa ya Safari imejengwa juu ya matope. Mwaka 1963, na tena mwaka 1968, ni magari saba tu yaliyofika mwisho. Lakini njia ilipoteremka kuelekea pwani na kuipita nyika ya Taru, ile nchi kame iliyo kati ya Voi na Mombasa, tatizo lilikuwa joto na vumbi. Karibu na ikweta jua la adhuhuri husimama utosini, nalo huangusha kivuli cha kofia, au cha paji la uso, juu ya macho, hivyo uso wa mtu aliyesimama barabarani hugeuka doa jeusi. Kipimamwanga, yaani chombo kinachomwonyesha mpiga picha kiasi cha nuru cha kuruhusu kuingia kwenye filamu, hudanganywa na anga jeupe na vumbi linalong'aa. Mpiga picha aliyekifuata bila kufikiri alirudi na gari lililopigwa vizuri na watu weusi wasio na sura. Filamu ya negativu ilivumilia kosa la namna hiyo kwa kiasi, kwa sababu fundi wa chumba cha giza aliweza kulirekebisha wakati wa kusafisha picha, lakini slaidi za rangi, zilizopendwa na majarida ya Ulaya, hazikusamehe.

Vumbi lilikuwa na kanuni zake. Aliyetaka kupata picha zaidi ya moja alisimama joshini, upande unaotoka upepo, kwani wa demani hakuona kitu tena baada ya gari la kwanza, na kamera yake iliingia mchanga. Joto nalo lilifanya hewa ya juu ya barabara icheze, hata picha iliyopigwa kwa lenzi ndefu ikatoka imevurugika hata kama mkono haukutikisika. Filamu zilihifadhiwa kivulini, kwa kuwa joto huharibu rangi zake kabla hata hazijatumika. Walioimudu kazi hii, na Mohamed Amin, aliyeanzisha Camerapix jijini Dar es Salaam mwaka 1963, ni mmoja wa waliopiga picha za Safari, walijua kwamba saa nzuri ya kupiga picha za watu ni ile ya kusubiri, wakati barabara ni tupu na redio imewekwa sikioni kusikiliza nani anaongoza.

Kusubiri huko kulipata uzito mpya pale washindi walipokuwa watu wanaojulikana mitaani. Joginder Singh, mkazi wa Kenya, alishinda mwaka 1965 akiwa na ndugu yake Jaswant katika Volvo, kisha akashinda tena mwaka 1974 na 1976. Shekhar Mehta alishinda mara tano. Hannu Mikkola wa Finland, aliyeshinda mwaka 1972, alikuwa mgeni wa kwanza kutoka ng'ambo kufanya hivyo, na baada yake timu za viwanda vya Ulaya na Japani zilizidi kuja na wapiga picha wao, ambao kwao umati ulikuwa pambo la gari.

Safari ilitoka katika mashindano ya dunia baada ya mwaka 2002, na iliporudi mwaka 2021 ilikuwa imehamia Naivasha, katika vipande vya njia vilivyofungwa kwa mashindano. Sasa watu husafiri kwenda kutazama, hukaa mahali palipotengwa, na wengi wao wana simu zenye kamera, hivyo picha za umati hupigwa na umati wenyewe.

Picha za zamani zina kasoro ambayo simu haziwezi kuirekebisha: maelezo yaliyoandikwa nyuma yake humtaja dereva, mwelekezi na aina ya gari, na mara chache sana humtaja mtazamaji. Lakini namba iliyobandikwa mlangoni mwa gari hulinganishwa na orodha ya washiriki ya mwaka husika, na kwa njia hiyo mtafiti huweza kutia tarehe, pengine hata mahali, mavazi, maduka na nyuso ambazo mpiga picha hakukusudia kuzihifadhi.