Meneja wa Ubunifu na Kibanda cha Msimbazi

Kabla ya mwaka 2008, mchuuzi wa soko la Kariakoo, Dar es Salaam, aliyetaka kumtumia mama yake hela kule Songea au Bukoba alikuwa na njia chache. Angekwenda posta akapange foleni. Angekwenda benki, iwapo mama naye alikuwa na akaunti, na walio wengi hawakuwa nayo. Au angetia noti kwenye bahasha, akadamkia stendi ya mabasi ya Ubungo, akamkabidhi kondakta wa basi, yaliyobaki akamwachia Mungu. Simu za mkononi zilipoenea, watu wakajitafutia njia nyingine: mtu ananunua vocha, anaikwangua, anamsomea namba ndugu yake aliye kijijini, na ndugu anaiuza kwa jirani apate taslimu. Hakuna kampuni iliyowafundisha. Walibuni wenyewe, kwa shida zao.

Ukitaka kuijua kazi ya meneja wa ubunifu katika kampuni kubwa, anzia hapo kwenye vocha iliyokwanguliwa. Siku hizi cheo hicho kinaonekana kwenye matangazo ya kazi ya benki na kampuni za simu za Dar es Salaam, na vijana wengi wanadhani ni kazi ya mtu mwenye mawazo mengi kichwani. Historia yetu inasema vingine. Kazi yake ni kuona jambo ambalo watu wameshaanza kulifanya, kulipigania ndani ya kampuni isiyolitaka, kisha kubaki nalo likishaingia mtaani.

Zamani ubunifu wa kampuni ulikuwa wa maabara. Thomas Edison alifungua yake Menlo Park, Marekani, mwaka 1876, na General Electric ikaanzisha maabara yake ya utafiti mwaka 1900. Huko mbunifu alikuwa fundi au mwanasayansi. Msimamizi asiyevumbua chochote kwa mkono wake, anayeunganisha fundi, mhasibu, mwanasheria na mteja, alikuja baadaye, na Afrika Mashariki tulimwona akifanya kazi waziwazi kwenye M-Pesa, huduma ya kutumiana hela kwa simu.

Mmoja wa walioianzisha, Nick Hughes, alikuwa ofisa wa kampuni ya simu ya Vodafone, Uingereza, katika idara iliyoshughulikia wajibu wa kampuni kwa jamii. Idara ya namna hiyo haina sauti kubwa panapogawiwa mtaji. Wazo la kuhamisha hela kwa simu katika nchi maskini lingeshindana na miradi yenye faida ya haraka, na lingeshindwa. Hughes akatafuta mlango wa pembeni: akaomba fedha kwenye mfuko wa serikali ya Uingereza uliosaidia kampuni kupeleka huduma za kifedha kwa wasiozipata. Akapewa karibu pauni milioni 1, na Vodafone ikachangia kiasi kinacholingana. Naona hili ndilo tendo lake kubwa kuliko yote, ingawa halikuhitaji mtambo wowote. Aliipa kampuni yake sababu ya kutosema hapana.

Mwenzake, Susie Lonie, alitumwa Nairobi mwaka 2005 kwa kazi iliyodhaniwa ni ya miezi michache. Ikamchukua miaka. Jaribio lilianza Oktoba 2005 kwa mawakala wanane na wateja wasiofika 500, Safaricom, kampuni ya simu ya Kenya, ikishirikiana na Faulu Kenya, taasisi ya mikopo midogo. Lengo lilikuwa wakopaji walipe marejesho kwa simu. Lakini wateja wakaanza kuitumia huduma kwa mambo yao. Wakatumiana hela wao kwa wao. Mwenye safari akaweka hela Nairobi akaitoa alikofika, asitembee na noti mfukoni. Mwenye duka akahifadhi mauzo ya siku baada ya benki kufunga. Faulu nayo ikaona mfumo huo hauendani na vitabu vyake wala na vikao vya vikundi vyake.

Hapo mameneja wengi wangewalazimisha wateja wafuate mpango. Waliosimamia jaribio hili waliuacha mpango wa mikopo na kuchukua kile watu walichokuwa wakikifanya. Machi 2007 Safaricom ilipozindua M-Pesa, ujumbe ulikuwa mmoja tu: tuma pesa nyumbani.

Kampuni ya simu ya Vodacom ikaileta Tanzania Aprili 2008. Huku haikupaa. Baada ya miezi 14 Kenya ilikuwa na wateja wapatao milioni 2.7 na karibu mawakala 3,000. Sisi, kwa muda uleule, tulikuwa na wateja kama 280,000 na mawakala 930 hivi. Safaricom ilikuwa imeshika sehemu kubwa mno ya soko la Kenya, wakati hapa Vodacom ilikuwa inagombea wateja na wenzake. Nchi yetu ni kubwa, vijiji vimetawanyika, na wakala mmoja huku na mwingine kule hawatoshi kumfanya mtu aiamini simu kuliko bahasha ya kondakta. Huduma iliyofaulu kwa jirani ililazimika kubuniwa upya hapa, na wa kuibuni upya walikuwa watu wa mauzo waliozunguka na mikoba, kibanda kwa kibanda.

Kariakoo ndipo ugumu wake ulipoonekana wazi. Wakala huanza kwa mtaji wake mwenyewe: sehemu anaiweka kwenye simu, ndiyo floti, na sehemu anabaki nayo taslimu. Mteja akiweka hela, floti inapungua na droo inajaa. Akitoa, inakuwa kinyume. Sasa fikiria mitaa ya Msimbazi, Kongo, Aggrey na Sikukuu, na kushuka mpaka Jangwani. Wauzaji wa jumla wamepokea mamilioni ya noti toka asubuhi na wanataka kuzipeleka kwa wenye mzigo. Saa sita mchana wakala ana droo iliyojaa na floti imekwisha; anafunga kibanda anakwenda kupanga foleni benki. Saa hiyohiyo wakala wa mkoani, kule Namtumbo, ana floti tele, lakini hana noti ya kumpa bibi aliyetumiwa elfu ishirini. Hela ipo, imekaa pasipohitajika. Dawa ilikuwa mawakala wakuu, waliohamisha floti na taslimu kati ya wakala na wakala, na baadaye kuunganishwa kwa akaunti za benki na simu. Kazi hiyo haina picha nzuri ya gazetini, lakini bila hiyo huduma ingekufa.

Wakala wa Kitanzania pia hakufungwa na kampuni moja. Tigo Pesa ilipoingia mwaka 2010, na nyingine zikifuata, mtu yuleyule alipanga laini zote kwenye meza moja chini ya mwavuli mmoja. Utafiti wa FinScope wa mwaka 2013 ulikuta karibu nusu ya watu wazima nchini wanatumia huduma hizi.

Wakala alikuwa amekwisha kuziunganisha kampuni mezani kwake, zenyewe zikiwa bado hazipatani. Aliyetuma kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine alimpa mpokeaji namba ya siri, akaitoe kwa wakala kama mgeni. Mwaka 2014 Tigo, Airtel na Zantel zikafungua mageti, baada ya vikao vilivyosaidiwa na IFC, shirika la Kundi la Benki ya Dunia. Vodacom, yenye wateja wengi zaidi, ilijiunga mwaka 2016. Tukawa miongoni mwa nchi za mwanzo duniani ambako hela inatoka pochi ya kampuni moja kuingia ya nyingine moja kwa moja. Meneja aliyekaa kwenye vikao vile alikuwa na mtihani mgumu: amwambie bosi wake kwamba ukuta unaowazuia wateja kuondoka ndio unaozuia hela kuingia.

Leo Msimbazi kila fremu ya duka ina Lipa Namba, namba ya kulipia kwa simu, ukutani. Mvua zikijaza bonde la Jangwani na Barabara ya Morogoro ikafungwa, mwenye duka wa Magomeni bado anaweza kulipia mzigo wake upande wa pili. Hayo ni mafanikio, na waliohusika wanastahili heshima.

Lakini huduma ikishaota mizizi huleta wajibu mpya. Julai 2021 serikali ilipoweka tozo ya miamala, kutoka shilingi 10 hadi 10,000, watu walirudi kwenye noti, na Septemba mwaka huo ikapunguzwa kwa asilimia 30. Matapeli nao walikuja na ule ujumbe ambao kila Mtanzania ameupokea, «ile hela tuma kwenye namba hii», na hata usajili wa laini kwa alama za vidole haujawamaliza. Na wakala, aliyeibeba huduma hii toka siku ya kwanza, bado ndiye anayeweka mtaji wake, anayevamiwa usiku akifunga, na anayekatwa hela pale muamala wa kitapeli unapopita mikononi mwake.

Hapo ndipo mameneja wetu wa ubunifu wanapolegea. Wanahesabiwa kwa huduma walizozindua, na ikishazinduliwa wanahamia nyingine. Kampuni zinazotangaza nafasi hizi ziandike kwenye mkataba kwamba meneja wa ubunifu atawajibika pia kwa hasara za mawakala, atakaa kibandani Kariakoo saa za jioni kabla ya kupanga viwango vya kamisheni, na hatapandishwa cheo kwa huduma ambayo wanaoiuza hawawezi kuishi nayo.