Simu ya Upepo na Njaa ya Ugogo

Mtambo upelekao habari na kuzipokea kwa mawimbi ya redio una mdomo na sikio. Ukipoteza kimoja, huwa nusu ya mtambo, na mwenye nusu ya mtambo huwa katika hatari. Vita vya mwaka 1914 hadi 1918 katika Afrika ya Mashariki ni ushahidi wa jambo hili.

Tarehe 8 Agosti 1914 manowari ya Kiingereza, Astraea, iliishambulia Dar es Salaam kwa ajili ya mtambo wa simu ya upepo wa Wajerumani, nao ukaangamia. Mwezi ule ule mtambo wao mkubwa wa Kamina, nchini Togo, ulivunjwa. Tangu hapo jeshi la Lettow-Vorbeck liliweza mara chache kunasa habari za Nauen, Ujerumani, wala halikuweza kujibu. Novemba 1917 chombo cha angani L59 kilitoka Bulgaria kimesheheni dawa na risasi za jeshi hilo. Kilipofika Sudan kiliamriwa kwa simu ya upepo kirudi, kwa kudhaniwa kwamba hapakuwa tena na mahali salama pa kutua. Jeshi lenyewe halikuulizwa, maana halikuwa na mdomo.

Ikiwa jeshi lilikuwa bubu, raia walikuwa bubu zaidi. Dodoma ilitwaliwa na Waingereza Julai 1916. Majeshi ya pande zote mbili yalichukua ng'ombe na nafaka za Wagogo, na vijana wao wakafanywa wapagazi. Mvua zilipokosekana, ikaja njaa ya 1917 hadi 1920, iliyoitwa Mtunya. Hukisiwa kuwa iliua watu 30,000 hivi. Amri za vita zilisafiri kwa nyaya na kwa mawimbi. Kilio cha wenye njaa kilisafiri kwa miguu.

Leo katika Mkonze, kando ya mji wa Dodoma, mchunga mbuzi huweza kuchukua mfukoni simu ya mkononi, ambayo ni mtambo kamili wa mdomo na sikio. Simu hizo zilianza nchini mwaka 1994. Badiliko hili si dogo, lakini mwanafunzi wa historia asihadaike. Mtunya haikuletwa na uhaba wa mitambo. Waliokuwa na mitambo walihitaji ng'ombe wa Wagogo, hawakuhitaji maneno yao. Mtambo hupokea sauti. Kuitikia ni kazi ya mtu.